Shingo Yangu na Kokoto za Delmar

Jumatatu, 4 Septemba

Leo nimegonga sanduku la barua la Delmar Bakke. Nilikuwa natoka uani kwa kurudi nyuma, kama nilivyofanya tangu tuinunue nyumba hii, na lango la Delmar liko ng'ambo ya barabara, mkabala na langu. Nikageuza kichwa. Kikaenda mpaka pale kinapokwenda siku hizi, yaani si mbali, na yaliyobaki nikayakisia. Nguzo ikalia kama mfupa wa kuku.

Delmar akatoka na kikombe chake cha kahawa. Akalitazama sanduku lililolala majanini, kisha akanitazama mimi.

"Mguu wake ulikuwa umeoza," akasema. "Ardis ananisumbua nilibadilishe tangu Pasaka."

Nguzo ile aliisimika mwezi Juni. Nilimwona kwa macho yangu akiipaka rangi nyekundu.

Jioni binti yangu Mapendo alipopiga simu nikamweleza mwenyewe, kabla hajayasikia kwa wengine.

"Baba, Novemba, Sikukuu ya Shukrani, nakuja. Utashika usukani, mimi nitakaa pembeni. Ukiweza kurudi nyuma bila kukisia, sisemi neno. Usipoweza, unanipa funguo, tunafunga nyumba, unahamia kwangu Minneapolis."

"Na vitabu?"

"Na vitabu. Vitakavyoenea."

Ana haki. Hapa hakuna basi. Duka, posta, maktaba na kaburi la mama yake viko Nordal mjini, na kutoka hapa hadi Nordal ni mahindi na soya tu. Asiye na gari huku haishi, anasubiri kutembelewa. Kalemie niliondoka kijana, nikakimbia vita kwa kuvuka ziwa, Kigoma sikukaa, miji mingine niliyopitia nilipelekwa tu. Nyumba hii ndiyo pekee niliyoichagua. Sitaki kuhamishwa tena.

Jumatano, 6 Septemba

Vidonge vya hospitali vinanilaza mchana, kitabu kifuani. Daktari alisema, "Ni umri." Hilo nilikuwa nalijua kabla ya kwenda. Ardis, mke wa Delmar, amekuja na sahani ya vitafunio. "Nenda kwa Verla," akasema, akaondoka kabla sijakataa.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimekwenda kwa Verla Tvedt, tabibu wa uti wa mgongo. Huku Iowa mtu huenda kwa tabibu wa mgongo kama sisi tulivyokwenda kwa kinyozi: baba alikwenda, babu alikwenda, na kichanga hupelekwa akilia usiku. Mimi, miaka yote hii, sijawahi. Nilikuwa na picha ya mtu anayevunja shingo kama kuni na kuita mlio ule tiba.

Delmar alikuwa barazani, akisubiri zamu yake. Jina langu la Sumaili limemshinda tangu siku ya kwanza.

"Usiogope, Sam," akasema. "Ukisikia kitu kinalia, ni pochi yako."

Verla nilimfundisha Kilatini, enzi shule ya hapa ilipokuwa bado ina Kilatini. Sasa ana mvi. Akanikalisha kitini, akavuta kigoda.

"Leo, Mwalimu, maswali nauliza mimi. Vidole vinakufa ganzi? Mikono inalegea? Unapata kizunguzungu ukitazama juu? Umeanguka karibuni? Umepungua mwili bila sababu?"

Hapana, hapana, hapana.

"Vizuri. Hata hivyo sikugusi leo. Nenda ukapige picha ya shingo, uniletee. Mimi sishiki shingo ya mzee nisiyoijua ndani."

Nilikuja nimejiandaa kubishana naye, nikakuta hakuna cha kubishia. Kabla sijaondoka akaniambia nitulize mabega, nigeuze kichwa kuume kadiri kinavyokwenda.

"Unaona nini?"

"Kining'inizo cha makoti."

"Nyuma ya hapo kuna Oskar." Oskar ni kiunzi chake cha mifupa ya plastiki, kimevalishwa kofia ya kampuni ya mbegu. "Siku utakayomwona Oskar usoni, utaweza kurudisha gari nyuma."

Alhamisi, 14 Septemba

Picha imetoka. Mifupa ya shingo imechakaa, lakini hakuna cha kutisha. Verla aliitazama kwenye mwanga kama anasoma shairi gumu.

"Sikudanganyi. Kilichochakaa kimechakaa, sikifufui. Lakini kuna kilichokauka kwa kukosa kutumika. Hicho tutakilainisha."

Akanilaza kifudifudi. Hakuvunja kitu. Alianzia mgongoni, chini kabisa ya shingo nilikodhani hakuhusiki, akisukuma polepole kwa viganja, akisubiri nitoe pumzi. Nilimkumbuka shangazi yangu Kalemie, aliyekuwa akichua watu kwa mawese, naye pia akiwaambia, "Toa pumzi, usinishikie." Nilikuwa nimeisahau sauti yake. Ilinirudia nikiwa nimelala na uso kwenye tundu la meza, natazama zulia.

Kazi za nyumbani: taulo la moto asubuhi, kurudisha kidevu nyuma kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu, kutembea hadi mwisho wa shamba na kurudi. Na mto mmoja wa kulalia.

"Nasoma kitandani," nikasema.

"Soma umekaa. Mito miwili ni ya mfalme au ya mgonjwa, Mwalimu. Chagua."

Jumatano, 20 Septemba

Soya zimegeuka manjano. Kidevu, taulo, matembezi. Kining'inizo cha makoti.

Jumatatu, 25 Septemba

Asubuhi nilisikia trekta uani. Delmar alikuwa amemwaga kokoto kulizunguka ghala langu la zamani, amezisawazisha vizuri, na sasa gari linaingia, linazunguka ghala, linatoka likiwa limeelekeza uso barabarani.

"Nilibakiwa na kokoto," akasema. "Sikuwa na mahali pa kuziweka."

Nikamshukuru. Nadhani anataka njia ya mkokoteni wake wa nafaka wakati wa mavuno.

Jumatatu, 2 Oktoba

Wameanza kuvuna soya. Nimekwenda shambani na Ardis kupeleka chakula: mikate ya nyama ya nguruwe kwao, wa jibini kwangu, na pai ya tufaha. Verla alikuwepo na pikapu yake. Msimu huu wakulima hawaendi mjini hata nyumba ikiwaka, kwa hiyo yeye hutandika meza yake ya kukunja pembezoni mwa shamba. Delmar alilala kifudifudi, viatu vikining'inia, kofia mgongoni, vumbi la soya limemjaa masikioni.

"Umekaa upande tena," Verla akamwambia.

"Nitakaaje? Mashine iko mbele, mkokoteni uko nyuma. Lazima niangalie kote."

"Unasukuma nyonga ya kushoto mbele, unageuka na kiuno, halafu unashinda hivyo kutwa nzima. Ndiyo maana una mgongo wa mkunga wa ng'ombe."

"Mgongo huu umelipa meza yako hii."

"Na bado una deni. Pumua."

Mgongo ukalia. Delmar akaamka, akajinyoosha, akala kipande cha pai kwa mkono, akarudi kwenye kombaini, mashine yake ya kuvunia.

Nimekuwa hapa miaka arobaini na leo nimegundua kwamba sijawahi kula nao shambani. Nilikuwa nikisubiri kualikwa. Ardis alinipa tu kapu nibebe.

Alhamisi, 5 Oktoba

Posta, nafasi ya mbele kabisa ilikuwa wazi tena, ile ya pembeni ambayo mtu anaingia na kutoka kwa mbele. Bahati.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, kila mgongo wa wilaya hukumbuka kuwa unauma. Baraza la Verla limejaa hadi ngazini, buti za matope zimepangwa mlangoni.

"Wewe huna mgongo," mzee mmoja alimwambia Delmar. "Una kisingizio."

"Na wewe una nini?"

"Mke. Kanifukuza nyumbani, eti nanung'unikia dirisha."

Walinipa kiti. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Ndivyo walivyo. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliandika, katika shajara nyingine, kwamba hawa ni watu wema wasio na udadisi, kama vile hali ya hewa nzuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu Kalemie, wala jinsi tulivyovuka ziwa, wala nani hakuvuka.

Ndani, niligeuza kichwa. Kining'inizo kilipita. Nikaona kiwiko cha Oskar.

"Kiwiko!" Verla akapaza sauti, na barazani watu wakapiga makofi, maana huku kuta ni nyembamba.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimemwambia Mapendo kwamba tangu Septemba sijagonga kitu. Shingo ni nyepesi, nalala vizuri, vidonge nimeviacha kwa idhini ya daktari. "Hongera, Baba," akasema, "lakini nakuja."

Jumamosi, 21 Oktoba

Lazima niandike hili polepole.

Asubuhi nilikwenda dukani Nordal. Gari geni, la namba za jimbo jingine, lilikuwa linaegesha kwenye nafasi ya mwisho, ninapoegesha mimi. Nikasubiri. Mlango wa duka ukafunguka, Karna, mwenye duka, akatoka mbio akiwa na aproni, akagonga dirisha la mgeni yule.

"Samahani, kaka, hapo ni pa Mwalimu. Sogea hapa karibu, tafadhali."

Yule mtu akasogea. Karna akaniona, akawa mwekundu kwa aibu, akaingia ndani kana kwamba alitoka kuangalia mawingu.

Nilibaki nyuma ya usukani. Posta, nafasi ya pembeni, kila mara. Maktaba, ule mlango wa mizigo unaoachwa wazi nipite moja kwa moja. Uani kwangu, kokoto za Delmar. Nikatafuta akilini mara ya mwisho niliporudisha gari nyuma, nikaikuta: ni Septemba, kabla ya kokoto. Tangu hapo sijarudi nyuma hata mara moja. Nilikuwa nikijipongeza kwa shingo ambayo hakuna aliyeipa kazi.

Sikununua kitu. Nikaenda moja kwa moja shambani kwa Delmar. Alikuwa anavuna mahindi. Nikasimama mwisho wa mstari mpaka kombaini ikafika, akafungua mlango, nikapanda ngazi ile ndefu nikakaa kwenye kiti kidogo cha pembeni. Akaondoa mashine kabla sijasema. Mahindi yakaanza kuanguka mbele yetu.

"Kokoto," nikasema.

"Enhe?"

"Hukubakiwa na kokoto. Ulizinunua."

Akaangalia nyuma, akaangalia mbele.

"Nani mwingine? Karna, posta, maktaba. Mlikaa kikao?"

"Hapana, bwana. Nani akae kikao? Watu waliona sanduku la barua."

"Mmenifanya mtoto, Delmar. Mwezi wa Novemba binti yangu anakuja kunipima, na mimi nilikuwa nakwenda kwenye mtihani nikidhani nimejiandaa. Ningeshindwa mbele yake. Ningekuja kuwagonga watu! Miaka arobaini nimekaa hapa, na mtu hawezi kuniambia usoni, 'Sam, huoni nyuma'?"

Tulimaliza mstari mzima, akageuza mashine, tukaanza mwingine. Niliona kidole chake kikigonga usukani.

"Curt wetu alipokuwa darasa la tisa," akasema mwishowe, "alikuwa hajui kusoma. Mimi na Ardis tulijua, tukanyamaza. Aibu. Jioni moja ukaja mlangoni na kitabu cha mambo ya injini. Ukasema umekinunua kwa makosa, huna wa kumpa."

"Nakumbuka."

"Ukaja kila jioni ya baridi ile. Hukuniuliza kama mtoto wangu hajui kusoma, Sam. Ulikuja tu na kitabu." Akaangalia nyuma tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ulikinunua kwa makosa kweli?"

Nikatazama mahindi.

"Basi," akasema.

Tulikwenda mstari mwingine. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini imekosa pa kukaa.

"Basi nifundishe kurudi nyuma," nikasema.

"Ah! Hilo ni jepesi. Soya zimetoka, shamba lote la kusini liko tupu. Hakuna cha kugonga huko isipokuwa mimi."

Jumapili, 22 Oktoba

Nimekaa na jambo hili kutwa. Nilidhani hawaulizi kwa sababu hawajali. Sasa nadhani kuuliza, kwao, ni kumlazimisha mtu afungue mlango akiwa hajavaa. Wanasubiri barabarani. Wanamwaga kokoto. Hili silisifu lote. Kuna mambo ambayo mtu angependa kuulizwa, hata mara moja katika miaka arobaini. Lakini nimekosea kuliita ubaridi.

Jumatatu, 30 Oktoba

Somo la kwanza. Delmar alipanga ndoo za maziwa kwenye mabua ya soya, akanionyesha pengo la kupita. Nikaangusha ndoo ya kwanza, ya pili, na nyingine ambayo haikuwa hata kwenye njia. Ardis alikuwa amekaa nyuma ya pikapu na chupa ya kahawa, anacheka hadi anafuta machozi.

"Sam, ile nyingine ilikukosea nini?"

Verla akaja mchana kati ya wagonjwa wawili. Akatazama, akaja dirishani kwangu.

"Unaiomba shingo peke yake ifanye kazi ya mwili mzima. Sogeza nyonga ya kushoto mbele. Inua kalio la kushoto. Sasa geuka na kiuno, kifua, bega, na shingo imalizie."

"Hivyo ndivyo Delmar anavyokaa."

"Ndiyo."

"Ulimgombeza."

"Delmar hukaa hivyo kutwa nzima, msimu mzima. Yeye namkataza kama dhambi. Wewe unahitaji kwa muda wa kutoka uani, kwa hiyo kwako naandika kama dawa. Kipimo, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha neno hilo kwa Kilatini."

Nikageuka. Kioo cha nyuma kikafunguka mbele ya macho yangu: mabua, ndoo, Delmar amekunja mikono, na nyuma yake maghala ya Nordal. Nikapita katikati ya ndoo mbili. Delmar akainua kidole kimoja, ile salamu wanayopeana barabarani bila kuachia usukani, ingawa hakuwa na usukani.

Jumanne, 7 Novemba

Nimeamka shingo ngumu kama ubao. Nilisoma kitandani, mito miwili. Verla aliniona tu nilivyoingia. "Mfalme amefika," akasema.

Jumatano, 15 Novemba

Mahindi ya mwisho yametoka. Nchi imekuwa wazi ghafla, unaona nyumba za watu uliosahau kwamba ni majirani.

Kwa Verla niligeuza kichwa, mabega yakiwa yametulia. Kiwiko, bega, kofia ya mbegu, na nusu ya meno ya Oskar.

"Jicho?" akauliza.

"Jicho halionekani."

Akajaribu kwa mikono yake, taratibu, akasikiliza, akaacha.

"Hapo ndipo mwisho wake. Ningekuwa mwongo nikikuahidi zaidi. Njoo mara moja kwa mwezi tusipoteze tulichopata. Usiku usiendeshe, wala kwenye barafu. Kilichobaki kitoe kiunoni."

Nusu ya meno. Nimelipokea vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 22 Novemba

Mapendo amefika, amechoka, amependeza, ana mvi ambazo mwaka jana hazikuwepo. Nimemweleza yote: kokoto, Karna, ndoo. Sikutaka aje apime uongo. Alisikiliza akikunja leso.

"Kwa hiyo kesho unaweza kuzunguka tu hilo ghala."

"Naweza. Lakini wewe ulisema kurudi nyuma."

Nje theluji imeanza.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Theluji ilianguka usiku kucha, asubuhi ikakoma, jua likatoka. Kabla ya kifungua kinywa trekta ya Delmar ilikuwa uani, kama kila mwaka, ikisafisha. Nilimsikia kutoka jikoni, nikijipa taulo la moto.

Tulitoka saa nne, tumealikwa kwake kwa chakula, na nilitaka kwanza twende makaburini kwa marehemu mke wangu. Mapendo akasimama ngazini.

Njia ya kutoka uani moja kwa moja hadi barabarani ilikuwa imesafishwa hadi ardhini, na mchanga umemwagwa juu. Lakini kokoto za kuzunguka ghala hazikuonekana. Theluji yote ya uani ilikuwa imerundikwa juu yake, imepita urefu wangu, imeshindiliwa.

Delmar hakuwepo tena. Ng'ambo ya barabara, dirishani kwake, kulikuwa na mtu na kikombe.

Nikaingia garini. Mapendo akakaa pembeni, mikono mapajani, kama alivyokaa zamani nikimfundisha yeye. Nyonga ya kushoto mbele. Kalio la kushoto juu. Toa pumzi, usinishikie. Kiuno, kifua, bega, shingo. Kioo cha nyuma kikafunguka: njia, barabara, na ng'ambo yake sanduku la barua, jekundu kwenye weupe, limesimama kwenye nguzo mpya. Sikulikisia. Nililiona lote, hadi jina. Nikarudi polepole, nikakata kona, nikaliacha kushoto kwangu na nafasi ya mtu kupita katikati, nikasimamisha gari limenyooka barabarani.

Dirishani kidole kimoja kiliachana na kikombe, kikainuka, kikashuka. Na mimi nikainua changu.

Mapendo akanyoosha mkono, nikadhani anataka funguo. Alikuwa anafungua dirisha.

"Sikukuu ijayo tutarudia," akasema.

"Tutarudia."

"Na usiku huendeshi."

"Siendeshi."

Alikuwa ametoa kichwa nje, anatazama ule mlima uani kwetu, kisha shamba la kusini, tupu hadi upeo wa macho, kisha shamba la kaskazini, tupu vilevile.

"Baba, kwa nini theluji yote ameirundika pale?"

Nikaingiza gia ya kwenda mbele.

"Hakuwa na mahali pa kuiweka," nikamwambia.